Pikapu za betri kwenye gitaa la metali

Barua nne zilizofika kwenye ukurasa huu wa wapiga gitaa zimezunguka jambo moja, nalo ni pikapu zinazotumia betri na betri zenyewe. Kwa wale wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, pikapu inayozungumzwa hapa si ile gari ya kubebea mchanga. Ni kile kidude cheusi kilicholala chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kuugeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme.

Swali. Kwa mhariri: Mimi hupiga gitaa katika bendi ya metali, ule muziki mzito wa mkwaruzo, hapa Umoja, Nairobi. Gitaa langu lina nyuzi sita, nasi huzilegeza hadi uzi mnene kabisa unasoma noti ya C. Pikapu zilizokuja nalo huvuma vibaya mno nikikanyaga pedali ya mkwaruzo, na nikipiga nyuzi nene kwa kasi huku nimeziziba kwa kiganja, sauti inakuwa kama uji. Wenzangu wanasema nitie pikapu za betri, na mmoja ananihakikishia kwamba betri ndiyo inayoleta nguvu. Nina akiba ya seti moja tu. Nichague ipi?

Jibu. Ndugu msomaji, nianze na hilo la nguvu ya betri, kwa kuwa ndilo linalowafanya watu wanunue kitu wasichokihitaji. Betri haipigi gitaa. Katika pikapu ya kawaida, uzi wa chuma hutetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, umeme kidogo ukazaliwa ndani ya waya huo, na umeme huohuo ndio unaokwenda kwenye amplifaya bila kuongezwa chochote. Pikapu ya betri huanza vivyo hivyo, ila koili yake ina mizunguko michache zaidi, hivyo umeme unaozaliwa ni hafifu, na mtengenezaji ameficha ndani ya kasha lilelile saketi ndogo ya kuukuza kabla haujatoka. Saketi hiyo ndiyo inayokula betri.

Unachokipata kwa mpango huo ni usafi kwanza, na nguvu baadaye. Koili yenye mizunguko michache, iliyofunikwa vizuri kwa ndani, haidaki mvumo wa taa za mirija, chaja za simu na transfoma kama inavyoudaka koili nene. Na umeme uliokwisha kukuzwa ndani ya pikapu hupita kwenye kebo ya mita kumi bila kuacha sauti kali za juu njiani. Kwa mpiga metali hilo ni jambo kubwa, kwa sababu pedali ya mkwaruzo haina macho: hukuza kila kitu inacholetewa, noti na mvumo pamoja. Ukiipelekea mvumo kidogo, itakurudishia mvumo mwingi. Lakini uelewe pia kwamba mchirizo unaozaliwa ndani ya pedali yenyewe, au ndani ya amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, utabaki palepale hata ukitia pikapu ya bei gani.

Sasa huo uji. Kabla hujaigusa akiba yako, tazama pakiti ya nyuzi ulizonunua mara ya mwisho. Kama inaanza na namba 9 au 10 na kuishia 42 au 46, basi umechukua nyuzi zilizokusudiwa kuvutwa hadi E ukazilegeza hadi C, na uzi uliolegea hivyo hupiga huku na huko kama kamba ya kuanikia nguo siku ya upepo, na hakuna pikapu duniani itakayoukaza. Tia seti inayoanza na 11 au 12 na kuishia 54 au zaidi, mwambie fundi akurekebishie shingo na daraja, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, kulingana na uzito huo mpya, kisha rudisha kitufe cha mkwaruzo nyuma kwa robo. Wapo watakaoridhika hapo na kurudi nyumbani na akiba yao, nami sitawalaumu.

Kama mvumo bado unakukera, chaguo la kwanza la wapiga metali wengi kwa miongo kadhaa limekuwa EMG, kampuni iliyoanzishwa na Rob Turner huko California mwaka 1976. Namba ya kutafuta ni 81 kwa upande wa daraja. Ina sumaku ya kauri, sauti yake ni kali, imebana, na kila pigo la kiganja husikika likianza na kuisha. Upande wa shingo una njia mbili. Mpiga gitaa Zakk Wylde amejulikana kwa kuoanisha 81 na 85, ambayo sumaku yake ni ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti) na sauti yake ni nene na yenye joto. James Hetfield wa bendi ya Metallica amejulikana kwa 81 pamoja na 60, ambayo hung'aa vizuri zaidi mkwaruzo unapozimwa na wimbo ukataka nyuzi zichambuliwe moja moja. Kama bendi yenu ina vipande vingi vya utulivu, chukua 60. Kama unaishi upande wa daraja usiku kucha na shingoni unakwenda kwa solo tu, chukua 85.

Seymour Duncan, kampuni nyingine ya pikapu, wanazo Blackouts, zenye tabia ya jamii hiyohiyo, nazo wengi huziona zina sauti ya chini nzito zaidi. Kwa gitaa lililolegezwa hadi C, uzito huo wa chini unaweza kukurudisha kwenye uji uleule unaoukimbia, ndiyo maana sikupendekezi uanze nazo. Kampuni ya tatu, Fishman, wanazo Fluence, ambazo badala ya waya uliozungushwa zina tabaka za saketi zilizochapwa na kubebanishwa, na pikapu moja hukupa sauti zaidi ya moja kwa kubonyeza kitufe. Ni pikapu nzuri sana. Ila zinakula betri kwa namna nyingine kabisa, na nitaeleza chini kwa msomaji wa Arusha.

Onyo moja kabla hujalipa. Fungua bamba la nyuma la gitaa lako kwa bisibisi na utazame ndani kama betri ya volti 9 itapata pa kulala, kwa kuwa magitaa mengi ya bei nafuu yana shimo dogo linalotosha vidhibiti vya sauti na si kitu kingine. Nimewahi kuletewa gitaa ambalo mwenyewe aliifunga betri kwa utepe nyuma ya mwili wa gitaa, kwa nje, na kila alipolivaa ilimkwaruza tumbo. Kuchimba mbao kunawezekana, lakini hiyo ni kazi ya seremala mwenye mkono mtulivu, na gharama yake uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Swali. Ndugu mhariri: Nimenunua gitaa lililotumika, lenye pikapu za betri. Betri iliyokuwamo ilikufa baada ya wiki mbili, nikatia nyingine nayo ikafa. Dukani wananipa betri za bei tofauti kabisa, nami sioni tofauti zaidi ya rangi ya ganda. Je, ninunue ipi, na kwa nini zinakufa upesi hivi? Msomaji, Arusha.

Jibu. Ndugu yangu, kabla ya kuilaumu betri, niambie kebo yako inalala wapi usiku. Ninakisia inalala imechomekwa kwenye gitaa.

Gitaa la namna hii kwa kawaida halina swichi ya kuwasha na kuzima. Swichi ni jeki yenyewe. Ukiichungulia kwa ndani utaona ina vikonyo vitatu badala ya viwili, maana ni jeki ya stirio, na waya mweusi wa betri umeunganishwa kwenye kikonyo cha katikati. Plagi ya kawaida ya gitaa inapoingia, shina lake la chuma hugusa kikonyo hicho na kile cha ardhi (njia ya umeme kurudi) kwa pamoja, njia ya umeme ikafungwa, pikapu ikaamka. Ukiichomoa, italala. Kwa hiyo gitaa lililoegemea ukutani na kebo yake ndani linakula betri usiku kucha, hata kama amplifaya imezimwa. Kwa sababu hiyohiyo, ukitumia kebo ya stirio badala ya kebo ya gitaa, pikapu haitaamka kabisa, nawe utadhani betri imekufa kumbe ni nzima.

Lakini hata kusahau kebo si lazima kuue betri ndani ya wiki mbili, inategemea pikapu. EMG 81 moja inakula takriban mikroampu 80, yaani pikapu mbili ni 160. Betri ya alikali ya volti 9 hubeba takriban miliampu 500 za saa moja, na ukigawanya utapata zaidi ya saa 3,000. Hata ukiacha kebo imechomekwa mchana na usiku, hiyo ni miezi minne. Fluence, kwa upande wake, huchosha betri ya alikali kwa yapata saa 200, na saa 200 za kebo iliyosahauliwa ni siku nane na ushei. Kwa hiyo ukiwa na Fluence, jibu lako umelipata. Ukiwa na EMG, kuna kitu kingine kinachoila betri hiyo, kwa kuwa pikapu pekee isingeimaliza kwa wiki mbili. Na ukiwa na Fluence na betri inakufa hata kebo ukiichomoa, basi huenda mwenye gitaa wa kwanza, au fundi wake, aliunganisha waya mweusi wa betri moja kwa moja kwenye ardhi badala ya kikonyo cha katikati, na pikapu haijawahi kulala tangu siku hiyo. Kuna njia rahisi ya kulipima hilo: chomoa kebo, weka mita kwenye kipimo cha miliampu, tenganisha kichwa kimoja cha betri na uipitishe mita katikati. Isome sifuri. Isiposoma sifuri, fundi wa redio wa mtaani kwako atalimaliza kwa dakika kumi.

Tuje kwenye aina za betri. Usisome rangi ya ganda. Soma herufi ndogo. Penye 6LR61 ni alikali, penye 6F22 ni ile ya kaboni ya bei rahisi. Wengi watakwambia betri ya kaboni haifai kwa pikapu, na kwa Fluence ni kweli kwa sababu itaisha mapema, lakini kwa EMG inayokunywa kwa kijiko kidogo namna ile, ya kaboni nayo itakupigia kwa miezi mingi bila wewe kusikia tofauti yoyote. Ubaya wake uko mahali pengine. Ndani yake mna mabamba ya zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa betri inapofanya kazi, kwa hiyo ikikaa muda mrefu hutoboka na kuvuja. Mimi niliwahi kuuziwa mjini betri iliyoandikwa alikali kwa herufi za dhahabu, nikaitia, nikaisahau kwa mwaka mmoja. Nilipolifungua bamba nilikuta ute mweupe umekauka juu ya vichwa, waya mwekundu umegeuka kijani, na kibanio kikabaki mkononi mwangu vipande viwili. Baadaye niliiweka betri hiyo kwenye mizani ya jikoni, ikaonyesha gramu 36, ilhali betri ya alikali ya ukubwa huo haipungui sana gramu 45. Siku hizi sinunui bila kuipima mkononi kwanza, na muuza duka anaponitazama vibaya namwambia napima ndizi.

Ya litiamu isiyochajiwa hubeba takriban miliampu 1,200 za saa na haivuji kwa urahisi, ila bei yake inaeleweka kwa mwenye Fluence peke yake. Za kuchajiwa za nikeli, zile ambazo kwa kweli ni volti 8.4 au hata 7.2, zina ujazo mdogo na hujimwaga zenyewe zikiwa zimekaa bure, kwa hiyo kwa pikapu inayodumu na betri moja mwaka mzima hazikuokolei kitu. Kuhusu zile mpya zenye tundu la kuchajia kama la simu ubavuni, ziogope kidogo: nyingi ndani zina seli ya volti chini ya 9 na saketi ya kuipandisha hadi 9, na baadhi ya saketi hizo hupiga mluzi mwembamba ambao pedali ya mkwaruzo itauchukua na kuufanya nyenje. Fishman wanalo pakiti lao la kuchajiwa lililotengenezwa kwa ajili ya Fluence, na hilo ni suala tofauti.

Usingoje betri ife. Alikali mpya husoma volti 9.5 hivi kwenye mita. Ikifika 8 itoe utie mpya. Dalili ya kuchoka, kama huna mita, ni kwamba pigo zito la kwanza linapasuka, kama spika iliyochanika, kisha mwangwi wa noti unakatika kabla ya wakati wake. Kwa EMG, badilisha mara moja kwa mwaka na uandike tarehe kwa kalamu juu ya betri. Na gitaa litakalokaa zaidi ya miezi mitatu bila kupigwa, litoe betri kabisa.

Swali. Shikamoo fundi. Niko Mombasa. Ninapopiga gitaa na kuimba, mdomo ukigusa maikrofoni napigwa na umeme, mara nyingine hadi naona nyota. Rafiki yangu anasema nikitia EMG tatizo litaisha kwa sababu nyuzi haziunganishwi na ardhi. Ni kweli?

Jibu. Marahaba, dada. Rafiki yako kasema kweli, lakini nusu yake.

Kwenye gitaa la pikapu za kawaida kuna waya unaotoka kwenye ardhi ya saketi kwenda kwenye daraja, na hivyo nyuzi zote, na mikono yako, zimeunganishwa na chasisi ya amplifaya. Kazi ya waya huo ni kuutumia mwili wako kama ngao ya kupunguza mvumo. Kama amplifaya ni nzima na ina waya wa ardhi, hakuna neno. Kama haina, au imechomekwa kwenye soketi ambayo shimo lake la ardhi ni la mapambo, chasisi inaweza kubeba umeme, maikrofoni iko kwenye mtambo mwingine wenye ardhi yake, na mdomo wako unakuwa daraja kati ya hiyo miwili. EMG wenyewe wanaelekeza waya huo wa kwenda kwenye daraja ukatwe unapofunga pikapu zao, kwa kuwa zimekingwa kwa ndani na haziuhitaji mwili wako. Ukifanya hivyo, nyuzi hazitakupiga tena.

Lakini ile jeki ya chuma, kofia za chuma za vidhibiti, na plagi ya kebo bado vimeunganishwa na chasisi ileile, na mkono wako utavigusa tu siku moja, pengine jukwaani jasho limekulowesha. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, si wa kuchezewa. Usiimbe tena na mtambo huo hadi fundi umeme aikague soketi na amplifaya, na kama kuna adapta ya pini mbili mahali popote kati ya amplifaya na ukuta, itupe leo. Pikapu utazinunua kwa ajili ya sauti yake, baada ya hapo.

Swali. Mhariri: Nimesikia kwamba ukitia betri mbili badala ya moja gitaa linapiga kwa nguvu maradufu. Pia, je, ninaweza kutia pikapu moja ya betri upande wa daraja na kuiacha ya kawaida upande wa shingo? Msomaji, Morogoro.

Jibu. Maradufu hapana. Betri mbili zikifungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, huipa pikapu volti 18, na EMG zinaweza kustahimili hadi 27. Kinachoongezeka ni nafasi: pigo zito halifiki darini upesi, kwa hiyo ncha ya noti husikika wazi zaidi, hasa bila mkwaruzo au kwa mkwaruzo mdogo. Kwa mkwaruzo mkubwa wa metali, pedali yenyewe huikata ncha hiyo kabla hujaisikia, na wengi wanaodai kuisikia wameisikia kwa sababu wametoboa gitaa na kutia betri ya pili. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa vibanio viwili nje ya gitaa kwanza, kabla hujapeleka mbao kwa seremala. Kwa pikapu zisizo EMG, soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuzidisha volti.

Kuchanganya kunasumbua zaidi kuliko watu wanavyodhani, na sababu ni vidhibiti vya sauti. Pikapu ya betri hutaka potenshiomita, yaani kidhibiti chenyewe, ya kilo-omu 25, ya kawaida hutaka 250 au 500. Ukiiunganisha ya kawaida kwenye 25, sauti zake za juu hunyongwa, ukadhani mtu ameifunika amplifaya kwa blanketi; ukiiunganisha ya betri kwenye 500, kidhibiti kinageuka kuwa swichi, kimya kisha ghafla yote, bila katikati. Gitaa lenye kidhibiti cha sauti peke yake kwa kila pikapu, kama yale yenye vitufe vinne, linaweza kuwekewa 25 upande mmoja na 500 upande wa pili, lakini hata hapo swichi ikiwa katikati, pikapu ya betri itaimeza ile ya kawaida. Gitaa lenye kidhibiti kimoja cha sauti, ambalo ndilo nadhani unalo, litie pikapu mbili za jamii moja. Seti nyingi mpya za EMG huja na potenshiomita zake, jeki ya stirio, kibanio cha betri na waya za kuchomeka bila kulehemu, kwa hiyo hakikisha vyote hivyo vimo kwenye boksi kabla hujaondoka dukani, hasa kama boksi limekwisha kufunguliwa.